Maji Yakipwa Tiwi

Hebu kumbuka mara ya mwisho ulipotoka nyumbani pamoja na rafiki zako. Mlikuwa mnakwenda wapi? Nadhani ilikuwa harusi, au matanga, au kumwona mama aliyejifungua, au mkutano wa chama chenu cha kuchangiana. Sisi wanawake wenye nyumba zetu hatutoki bila sababu. Tukitoka, lazima pawe na zawadi ya kubeba au sufuria za kwenda kusaidia kupika. Baba wa nyumba anaweza kusema, "Natoka kidogo," na hakuna anayemwuliza neno. Mama akisema hivyo, hata mtoto wa darasa la pili ataacha kuandika na kuuliza, "Wapi?"

Leo nataka kuwasimulia habari ya safari isiyokuwa na sababu.

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa Februari. Sisi ni wanawake watano, wakazi wa Mombasa, rafiki wa miaka mingi, na siku hiyo yote tulikuwa tumeiweka kwa ajili ya harusi ya mpwa wa mmoja wetu aliye mwalimu. Ijumaa usiku, saa tatu, mwalimu akatupigia simu mmoja mmoja. Harusi imeahirishwa kwa wiki mbili, mahari haijakamilika. (Kwa nini wazee huligundua jambo hili usiku wa kuamkia harusi, wakati mchele umekwisha kununuliwa na nguo zimekwisha kushonwa, ni swali la siku nyingine.) Basi tukabaki na Jumamosi tupu. Ruhusa ilikuwa imekwisha kuombwa, watoto wamekwisha kupelekwa kwa bibi, na nyumbani kwangu mbaazi za siku mbili zilikuwa zimeiva.

Aliyetoa shauri ni mwenzetu aliye muuguzi mstaafu. Yeye alizaliwa na kukulia pwani ya kusini, na kwake kalenda ni mwezi wa angani. "Leo mwezi ni mpevu," alisema. "Kesho maji yatapwa kama saa tano asubuhi. Nani anakwenda Tiwi?"

Huenda ukashangaa kwamba alitaja maji kabla ya kutaja nauli. Tiwi iko upande wa kusini wa kivuko cha Likoni, kama kilometa 20 hivi, kabla hujafika Ukunda na Diani. Pwani yake si mchanga mmoja mrefu ulionyooka. Miamba ya matumbawe imejitokeza baharini hapa na pale, na kati ya mwamba na mwamba kuna ghuba ndogo ndogo zilizojificha. Nyingine huzifikii ila kwa kuuzunguka mguu wa mwamba wakati maji yametoka. Maji yakirudi, mlango umefungwa, na aliyemo ndani amekaa humo.

Kwa hiyo mama anayetaka kwenda mahali kama hapo na ajifunze kidogo hesabu za bahari. Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa dakika kama 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndiyo bamvua. Maji huenda mbali sana na kurudi juu sana, na tofauti yake hapa Mombasa hupita meta 3. Siku hizo za bamvua maji hukauka baina ya saa nne na saa sita mchana, na hujaa jioni, saa kumi hadi saa kumi na mbili. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Hayaendi mbali, na saa hizo za asubuhi utayakuta yamejaa. Siku hizi hata simu zina majedwali ya maji, lakini mwenzetu hutazama juu tu, na sijaona akikosea.

Wanne tulikubali mara moja. Wa tano alinyamaza.

Mumewe alipatwa na kiharusi miaka miwili iliyopita. Upande wa kulia ulilala, na maneno yake ni machache. Mgonjwa wa namna hiyo asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, ili asipate vidonda mgongoni na kwenye nyonga. Mwenzetu huyu hufanya kazi hiyo mwenyewe usiku wote, kwa saa ya kengele iliyo chini ya mto wake. Mchana kijana wake humsaidia akitoka shuleni. Kwa ajili ya harusi, wifi yake alikuwa ameahidi kukaa na mgonjwa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja.

"Kwa harusi nilikuwa na sababu," alituambia. "Sasa nimwambie wifi nini? Kwamba nakwenda kuchezea maji, na kaka yake amelala pale?"

Mwalimu alisema asiseme kitu, aondoke na nguo ya harusi kama ilivyopangwa. Muuguzi alikataa kabisa. Alisema siku ya kupumzika ikianza kwa uongo, mtu hushinda ameushikilia ule uongo kama mtoto mgongoni. Mimi naona alisema kweli. Basi mwenzetu akampigia wifi yake saa nne usiku, akamweleza jambo lenyewe lilivyo. Wifi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi nilikuwa nimekwisha kujipanga. Nenda, ila uniletee madafu."

Na mimi nilimwambia baba watoto. Aliuliza, "Huko kuna nini?" Nikamjibu kwamba hakuna kitu. Akacheka na kugeukia upande wa pili.

Asubuhi tulivuka Likoni pamoja na umati wa watu. Waendao kwa miguu hawalipi katika feri hiyo, jambo ambalo mwenzetu wa nne, mfanyabiashara wa leso pale Marikiti, hulitaja kila anapovuka, kama kwamba limeanza jana. Ng'ambo tukapanda matatu, tukapita Ng'ombeni na Waa, tukashuka kwenye njia panda ya Tiwi. Kutoka barabara kuu hadi baharini kuna mwendo, na njia ina sehemu zenye upweke, kwa hiyo tulichukua tuktuk mbili. Namshauri kila mama afanye hivyo, na apatane kabisa na dereva saa ya kuja kuwachukua.

Tulipofika pwani, muuguzi hakutuongoza moja kwa moja kwenye ghuba. Alimwendea kwanza mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akitengeneza wavu wake chini ya mkanju, akamwamkia shikamoo, akauliza habari za nyumbani, akauliza habari za maji. Mzee alitutazama sisi akina mama wa mjini na vikapu vyetu. Akaonyesha kwa kidole jiwe moja jeusi lililosimama peke yake mbele ya mwamba. "Jiwe lile likilowa kiunoni," alisema, "msingoje kufunga vyombo."

Tuliuzunguka mwamba tukiwa na viatu vya mpira miguuni. Usiende bila viatu, maana matumbawe hukata kama kisu, na katika nyufa kuna wale wanyama weusi wenye miiba mirefu kama ya nungunungu. Na tazama, upande wa pili palikuwa na ghuba ndogo, labda mara mbili ya uwanja wa shule ya chekechea, mchanga mweupe, ukuta wa mawe nyuma, na hapakuwa na mtu. Hapakuwa na muuza vinyago, wala ngamia wa kupigia picha, wala redio. Mbele yetu bahari ilikuwa imejivuta hadi mbali, na mawimbi yalivunjika kwenye mwamba wa nje kama watu wanaozungumza chumba cha pili.

Huko Tiwi liko pia dimbwi maarufu ambalo umbo lake hufanana na ramani ya Afrika, na maji yakipwa vijana huwapeleka wageni kuogelea humo. Tuliliacha. Ukienda kusini zaidi, mto Mwachema unapoingia baharini, kuna Msikiti wa Kongo, jengo la kale la mawe lililosimama kati ya mibuyu. Nao tuliuacha kwa siku nyingine. Sisi tulipata kidimbwi chetu katika mawe, maji yake ya vuguvugu yakifika kiunoni, tukaingia na madera yetu, tukaketi humo kama wali katika sufuria. Mwalimu peke yake ndiye ajuaye kuogelea. Wengine tulizaliwa kando ya bahari, au tuliolewa kando yake, na hatujapata kufundishwa. Wavulana hufundishana wakitoroka shuleni, lakini msichana huambiwa maji yatamharibu nywele. Nawasihi akina mama wenye mabinti wadogo walifikirie jambo hili.

Chakula kilikuwa mbaazi zangu na mahamri, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na samaki wa tajiri wa leso, ambaye alikuwa amemwamsha muuza samaki mlangoni mwake. Tulishukuru, tukala kwa mikono. Tulisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Tulicheka hadi mwalimu akaomba tumwache apumue.

Kisha mwenzetu wa tano akatandika leso penye kivuli cha mwamba, akasema anajinyosha mgongo. Kabla ya kumaliza kusema alikuwa amelala.

Hakulala kama mtu anayesinzia, msomaji. Alilala kama mtoto mwenye homa iliyoshuka, mdomo wazi, mkono mmoja umeangukia mchangani. Kaa mdogo alimpita juu ya kiganja na hakushtuka. Ilikuwa saa sita kasorobo. Tulishusha sauti. Baadaye tukanyamaza kabisa, wanawake wanne tumenyamaza, na ninyi mnajua jambo hilo ni adimu kiasi gani.

Saa saba jiwe la mzee lilikuwa limelowa miguu. Saa saba na nusu lilikuwa limelowa magoti. Mwalimu alitaka amwamshwe. Muuguzi alitazama jiwe, akamtazama aliyelala, akasema, "Bado." Tulianza kufunga vyombo polepole, kijiko baada ya kijiko, bila kugonganisha. Mimi nilikuwa na wasiwasi, nakiri, nikawa nahesabu mawimbi. Tajiri wa leso alikwenda kusimama kwenye mguu wa mwamba kupima njia kwa miguu yake mwenyewe, akarudi akionyesha kifundo. Muuguzi akasema tena, "Bado." Nilimwuliza kwa kunong'ona anangoja nini. Akaniambia, "Huyu hajalala saa mbili mfululizo kwa miaka miwili. Nangoja zitimie."

Zilipobaki dakika chache maji yalifika kiuno cha jiwe. Akamgusa bega.

Mwenzetu aliamka kwa kuruka, mikono mbele, akimtafuta mgonjwa wa kumgeuza. Alishika mchanga. Akatutazama kwa muda, kisha akaanza kulia, na hatukumwuliza analia nini kwa sababu njia ilikuwa inafungwa. Tulivua viatu vyake mfukoni, tukamvisha, tukashikana mikono, tukauzunguka mwamba kwa mstari, maji yakitufika magotini na vikapu vikiwa vichwani. Upande wa pili mzee alikuwa amesimama. Alitikisa kichwa tu, akarudi kwenye wavu wake.

Ni katika tuktuk ndipo alipozungumza. Alisema kazi yenyewe haimchoshi kama anavyochoshwa na kushukuru. Kila mtu ajaye kumtazama mgonjwa humwambia, "Una moyo," na yeye husema, "Asante," kisha mgeni hunywa chai na kuondoka. Alisema siku nyingine hutamani mgeni mmoja, mmoja tu, aseme, "Kalale, mimi niko hapa." Hakulisema kwa kutulaumu. Alilisema akitazama minazi inavyopita.

Tulikaa kimya hadi barabara kuu. Pale tukanunua madafu sita, moja la wifi.

Alifika nyumbani saa kumi na moja kasorobo. Wifi alilipokea dafu lake, akalinywa akiwa amesimama, akauliza bamvua lijalo ni lini. Mgonjwa, kwa maneno yake machache, alimwambia mkewe ananuka bahari.

Wiki ile ile muuguzi alitukusanya akatufundisha namna ya kumgeuza mtu mzima. Usimkokote juu ya shuka, maana ngozi huchubuka. Mviringishe akiwa mzima mzima, wawili mkisaidiana. Weka mto katikati ya magoti. Usivute kamwe ule mkono uliolala, kwa kuwa bega lake hutoka mahali pake upesi. Yeye mwenyewe huenda kulala kule Alhamisi usiku. Wifi amechukua Jumamosi. Zamu yangu ni Jumanne mchana. Saa nane, pamoja na yule kijana, tunamgeuza mzee upande wa kushoto, na saa kumi tunamrudisha chali, na yeye hupenda redio iwe imewashwa wakati mama wa nyumba amelala chumba cha pili.