Sinia Halina Menyu ya Watoto

Imezuka katika visiwa vyetu ada ngeni, nayo yazidi kuota mizizi: mkahawa humlaki mgeni kwa bashasha, kisha ukamwekea mwanawe mdogo mpaka. Pengine mpaka huo huandikwa mlangoni, kwamba walio chini ya umri kadhaa hawaingii. Mara nyingi zaidi huja kwa sura ya wema: mtoto huletewa menyu yake peke yake, yenye picha za tembo na twiga, na ndani yake chipsi, soseji na kuku wa kukaanga. Mimi huu wa pili ndio unikerao zaidi. Ule wa kwanza humtoa mtoto nje ya nyumba. Huu humtoa nje ya chakula hali ameketi papo hapo.

Hoja za wenye mikahawa nazijua. Mhudumu aliyebeba birika la chai ya moto hawezi kuwakwepa watoto wanaokimbizana, na aliyelipa fedha nyingi ili ale kwa utulivu na mwenziwe ana haki yake. Lakini dawa ya asiyejua kukaa si kumwondoa pale anapofunziwa kukaa. Waliosoma hadithi wanamjua Umar bin Abi Salama, mtoto aliyelelewa na Mtume, ambaye mkono wake ulikuwa ukirandaranda ndani ya sahani. Hakuondolewa. Alifunzwa pale pale: ataje jina la Mungu, atumie mkono wa kulia, ale kilicho karibu naye.

Sinia letu limeifanya kazi hiyo kwa karne nyingi, tena limefunza na lugha. Nani aliyejifunza darasani tofauti ya kumega na kudokoa, ya kuchovya na kutowelea, ya kubwakia na kufakamia? Ukoko ni neno la sufuriani, na tonge ni neno la vidoleni. Mtoto wa chipsi anahitaji kitenzi kimoja tu: kula. Kisha tunakutana katika makongamano kulalamika kwamba vijana hawana msamiati wa kutungia shairi!

Mwaka jana niliingia na mjukuu wangu wa miaka minne katika mkahawa mmoja wa Mji Mkongwe, nikaagiza wali na mchuzi wa pweza. Mhudumu, kijana wa hapa hapa, akauliza, “Na mtoto tumletee chipsi, mzee?” Nikamwambia atakula nilacho mimi. “Atakiweza, babu?” Alikiweza, tena kwa muda mrefu, maana kila kipande alikigeuza kwanza na kutaka kujua vile vifungo vya pweza hufungua nini. Sikuwa na jibu la maana. Lakini nani amewahi kuulizwa swali kama hilo na mtoto aliyewekewa soseji?

Wazazi nao wasijifiche nyuma ya mhudumu. Wengi huipokea menyu hiyo kwa furaha, wakamtia mtoto simu mkononi, wakala chakula chao kana kwamba hawakuja naye. Huko si kumpeleka mtoto mkahawani, ni kumbeba tu kama mkoba.

Nenda Forodhani baada ya magharibi. Bustani ile ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, na desturi yake ya kula haikuhitaji ukarabati. Mtoto huketi ukutani baina ya mama na shangazi, urojo ukamchoma ulimi, akalia kidogo, akaomba tena. Hakuna anayemuuliza umri. Ikiwa mwenye meza ya mbao na taa ya kandili anaweza kuwalisha wote pamoja, mwenye vitambaa vyeupe ana udhuru gani?

Nami siombi makubwa. Tunapoketi, ondoeni ile karatasi ya tembo na twiga, mlete sahani moja tupu na kijiko kidogo. Mkitaka kuitoza sahani hiyo, itozeni.