Lofoi ifunguliwe mvua na kipwa

Desemba inapofika, katika nyumba mingi za watu wa migodi ulizo ni moja: konji hii tutapeleka watoto wapi? Watu wanatajaka Lofoi. Halafu mwingine anajibu: hapana, mvua imeanza, motokari haitapita. Mazungumzo yanaishia pale. Sisi tunaona ni lazima yaendelee.

Maporomoko ya Lofoi yako katika Parke ya Kundelungu, iliyoanzishwa mwaka 1970, hapa hapa kwetu Haut-Katanga. Maji yanatoka juu ya mlima na kuanguka karibu meta 340. Ni kati ya maporomoko marefu zaidi katika Afrika. Kuanzia Novemba mpaka Aprili mvua inajaza mto na maji yananguruma. Kipwa kikikomaa, maji yanapungua sana, yanabaki kama uzi juu ya jiwe.

Tazameni basi hali yetu. Wakati barabara ni nzuri, maji ni kidogo. Wakati maji ni mingi, barabara ni matope na bonde la Lufira limejaa maji. Konji kubwa ya masomo inaanguka katika kipwa. Noeli na Pasaka zinaanguka katika mvua. Njo maana Lofoi yenye nguvu inaonwa na wachache wenye motokari kubwa, na mtoto wa mchimbaji anaijua kwa picha tu.

Tunaomba kitu kimoja: barabara na njia za miguu zinazopitika mwaka mzima. Si kazi ya ajabu. Kila baba aliyefanya kazi chini ya udongo anajua kama maji yasipopewa njia yao, yanajitafutia yenyewe, na yanaharibu yote. Mlimani ni vilevile. Mtaro unachimbwa kwanza, njia inafuata. Mahali pa mtelemko, ngazi za mawe. Mahali pa matope, daraja ndogo za miti. Juu, karibu na ukingo, uzio wenye nguvu, maana jiwe lenye maji halina huruma. Na kila mwaka, mbele ya mvua ya kwanza, watu wapite kusafisha mitaro. Barabara mingi zetu zimekufa si kwa kukosa kujengwa, lakini kwa kukosa kutunzwa.

Mwingine atasema: masomo hayana mabati, hospitali hazina dawa, na ninyi munasema juu ya kutembea? Ulizo ni la haki. Lakini sheria ya migodi ya mwaka 2018 imegawanya kodi ya madini: 50 kwa mia kwa Leta ya kati, 25 kwa jimbo, 15 kwa mitaa na sekta zenye migodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Hatuombi hata franga moja itoke katika ile 15, ambayo ni ya masomo na hospitali za karibu na mashimo. Barabara ya Lofoi ni kazi ya jimbo, na jimbo lina fungu lake.

Zaidi ya hayo, barabara ile haitakuwa ya wageni tu. Mama wa kijiji atapitisha mihogo na mahindi yake hata mwezi wa pili. Mgonjwa atafika hospitali. Kijana anayejua pori ataongoza wageni na kulipwa, badala ya kwenda kujitupa katika shimo lisilo na nguzo.

Tusisahau tulipotoka. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Mwaka 2003 ilikuwa haifiki 20,000, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi. Nyumba ngapi zilikosa bukari siku zile? Shaba ikitoka, hairudi. Maji ya Lofoi yanarudi kila mvua.

Lakini kufungua si kuachilia. Sehemu za wanyama zibaki na utulivu wao, moto wa kipwa uzuiwe, na wageni wafuate njia zilizowekwa. Kazi za parke zipewe kwanza watu wa vijiji vya pale. Na bei ya kuingia iwe bei ambayo baba wa watoto sita anaweza kulipa bila kukopa.

Kwa wakubwa wa jimbo na wa parke tunasema: kipwa kinachokuja kisipite bure. Tuonyesheni mitaro ya kwanza. Na ninyi, baba na mama wa migodi, mukikutana na wajumbe wenu, waulizeni juu ya barabara ile. Mali ya Kundelungu ni yenu pia.