Utepe wa Kijani Hausemi Yote

Utafiti wa kitaifa wa Afya ya Uzazi, Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 uliweka mbele ya Watanzania takwimu mbili ambazo zikisomwa pamoja zinadai tafakari. Kati ya kila watoto 100 walio chini ya umri wa miaka mitano, 30 walikuwa na udumavu, yaani kimo chao hakikulingana na umri wao. Wenye ukondefu, yaani uzito mdogo kuliko unaostahili kimo chao, walikuwa takribani 3 tu. Mkoa wa Iringa, unaosifika kwa mahindi na viazi, uliongoza kwa udumavu wa asilimia 57. Njombe na Rukwa ilifuata kwa takribani asilimia 50. Mtoto anakulia kando ya ghala lililojaa, na bado anadumaa. Imekuwaje wazazi wengi wasilione jambo hili?

Sehemu ya jibu imo katika vipimo vyenyewe. Kila kipimo kina swali lake, na anayeuliza swali moja asidhani amejibiwa yote.

Kipimo kinachojulikana zaidi vijijini ni utepe wa rangi tatu unaozungushwa katikati ya mkono wa kushoto wa juu, kati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea. Hutumika kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Mzingo wa milimita 125 au zaidi ni kijani. Kuanzia 115 hadi chini ya 125 ni njano, dalili ya utapiamlo wa kadiri. Chini ya 115 ni nyekundu, utapiamlo mkali unaohitaji tiba bila kuchelewa. Ubora wake ni wepesi: hata mama asiyejua kusoma hufundishwa kuutumia nyumbani, na umeokoa maisha ya watoto wengi. Hata hivyo, utepe huu hupima ukondefu. Mtoto aliyedumaa huweza kuwa na mkono mnene na mashavu yaliyojaa, na utepe ukamwonyesha kijani. Vilevile haugundui uvimbe. Mtoto ambaye miguu yake yote miwili imevimba, na kidole gumba kikibonyezwa kwa sekunde chache kinaacha kishimo, apelekwe kituo cha afya mara moja, hata kama utepe ni wa kijani na mizani inaonyesha uzito mzuri. Maji yaliyojaa mwilini hudanganya mizani.

Mizani ya kliniki nayo, ikitumika peke yake, haitofautishi mtoto mwembamba na mtoto mfupi. Udumavu hugunduliwa kwa ubao wa kupimia urefu na tarehe sahihi ya kuzaliwa. Mtoto chini ya miaka miwili hulazwa, na aliyezidi umri huo husimama. Kazi hii huhitaji watu wawili wenye subira, kwa maana kosa la sentimita moja laweza kumhamisha mtoto kutoka kundi moja hadi jingine. Kwa sababu hiyo kimo ndicho kipimo kinachorukwa kwa urahisi foleni inapokuwa ndefu.

Yapo pia maneno tunayojifariji nayo: “Ukoo wetu ni wafupi.” Viwango vya ukuaji vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 vilitokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, walionyonyeshwa na kutunzwa vyema. Ilionekana kwamba katika miaka mitano ya kwanza watoto wa mataifa haya tofauti walikua kwa namna inayokaribiana sana. Nusu ya watoto wa mkoa mzima wakiwa wafupi kupita kiasi, basi damu ya ukoo si maelezo ya kutosha. Tatizo ni kwamba mtoto mfupi miongoni mwa wenzake wafupi haonekani mfupi. Jicho la jirani limezoea, ubao haujazoea.

Watu wazima nao hawajasalimika. Uwiano wa uzito na urefu hupatikana kwa kugawanya kilo kwa mita za urefu zilizozidishwa zenyewe kwa zenyewe. Mwenye kilo 70 na urefu wa mita 1.60 hupata 27.3, na kuanzia 25 ni uzito uliozidi. Kipimo hiki hakitenganishi misuli na mafuta, wala hakimfai mama mjamzito. Ndiyo maana wataalamu huongeza mzingo wa kiuno: hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo huanza kupanda unapozidi sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume. Kitambi tunachokiita neema ni taarifa ya kusomwa kwa makini.

Suala hili lina uzito mpya leo. Mwezi Februari 2025 Serikali ya Marekani ilisitisha ufadhili wake kwa mpango wa kimataifa wa DHS, ulioanza mwaka 1984 na kuziwezesha nchi nyingi, ikiwemo yetu, kufanya tafiti za aina hii. Takwimu za Iringa zilitufikia kwa njia hiyo. Taifa lililozoea kupimwa kwa fedha za wengine linapaswa kujiuliza litajijuaje kesho. Tunao mkataba wa lishe ambao wakuu wa mikoa waliutia saini; utekelezaji wake utapimwa kwa nini, ikiwa ubao wa urefu haupo zahanati?

Kupima si kulisha, na hakuna mtoto aliyerefuka kwa kupimwa. Lakini udumavu hujengeka zaidi katika siku 1,000 tangu kutungwa mimba hadi mwaka wa pili, na baadaye ni vigumu kuurekebisha. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa hiyo mzazi anapopeleka mtoto kliniki, akiisha kuambiwa kilo, aulize pia sentimita, na aombe ziandikwe kwenye kadi. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo waulize kama zahanati ya kijiji ina ubao na mtu aliyefunzwa kuutumia. Vituo vya afya vya Kanisa navyo vianze kujiuliza swali hilohilo kabla ya kuulizwa.