Bima ya Maisha kwa Anayehama: Fedha ni za Nani?

Ndugu zetu wanaorejea Unguja na Pemba kutoka Uingereza wanatuuliza: bima ya maisha tuliyokata huko, tuiache au tuendelee kuilipia?

Mwaka 1985 Majmaa ya Fiqhi ya Jeddah iliharamisha bima ya kibiashara kwa sababu ya gharar iliyomo, na ikaelekeza kwenye bima ya kusaidiana, yaani takaful. Basi kuhama ni fursa ya kujitoa. Ila usikatishe malipo kimya kimya. Kwanza iulize kampuni utarejeshewa nini. Bima za muda maalumu kwa kawaida hazirejeshi kitu. Nyengine hurejesha, na miaka ya mwanzo aghlabu ni pungufu ya ulichotoa. Hicho ni chako chote. Kikizidi, ziada wape wahitaji, bila ya nia ya sadaka.

Linalotukera zaidi ni fomu. Mtu ameandika jina la mke peke yake, na huku ana mama na watoto. Kwa rai yetu, aliyeandikwa ni mpokeaji tu: michango aliyotoa marehemu ni tirka, igawiwe warithi wote kwa mafungu yao. Mjane asiyeijua hukumu hii tusimlaumu. Tumlaumu mumewe, aliyehama akaiacha karatasi mtotoni mwa meza bila ya kumwambia mtu.