Kutoka Homa Bay hadi Mombasa: tuelewe kwanza, ndipo tuhukumu

Mnamo tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji lisinyimwe usajili. Mbunge wa Homa Bay Town, George Peter Kaluma, aliomba uamuzi huo upitiwe upya. Septemba mwaka huo ombi lake lilitupwa. Hapa Mombasa watu waliandamana. Mbunge huyo pia ameandaa mswada unaopendekeza kifungo kisichopungua miaka 10, na hata kifo kwa baadhi ya makosa.

Ziwa na bahari wakawa na sauti moja. Lakini tuulizane: tulikuwa tunalielewa tunalolipigia kelele? Wengi waliamini ushoga umehalalishwa. Sivyo. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kipo, na adhabu yake ni miaka 14. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Kilichoamuliwa 2023 ni haki ya watu kuungana.

Tatizo la pili ni kwamba tunachanganya mambo matatu.

La kwanza ni maumbile. Kuna anayezaliwa na viungo visivyo wazi kuwa ni vya kiume au vya kike, yaani huntha. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,524 wa namna hii nchini. Vitabu vya fiqhi vina mlango wao katika mirathi. Hawa si mashoga, ila mitaani hutukanwa vivyo hivyo.

La pili ni mvuto, yaani pale moyo unapoelemea. Shirika la Afya Duniani liliuondoa mvuto wa jinsia moja katika orodha ya magonjwa mwaka 1990. Imam Nawawi, karne nyingi kabla ya hapo, alitofautisha mwanamume aliyeumbwa na tabia za kike, ambaye halaumiwi, na yule anayejifanya kwa makusudi.

La tatu ni kitendo. Hapa msimamo wa dini yetu unajulikana, nami siugeuzi. Lakini kijana anayetembea kwa madaha hajathibitishiwa kitendo chochote, na bado anaitwa shoga. Neno lenyewe tumeliharibu: bibi zetu waliitana shoga kwa mapenzi ya urafiki.

Sasa tutazame Kisumu. Kaunti za Homa Bay, Kisumu, Siaya na Migori ndizo zenye viwango vya juu kabisa vya Ukimwi nchini. Kwa miaka mingi lawama zilikwenda kwa jaboya, ule mtindo wa mvuvi kumpa mwanamke samaki wa kuuza kwa sharti la kulala naye. Huo ni uhusiano wa mume na mke, wala si wa mashoga. Basi anayesema maradhi haya ni ya watu fulani tu, hajafika ziwani.

Hata hivyo wataalamu wa Kisumu waliona kwamba wapo wanaume wanaolala na wanaume na wanaokwepa hospitali. Mwaka 2015 ulianzishwa mradi wa Anza Mapema, kuwapima na kuwatibu mapema kama jina linavyosema. Wanaume zaidi ya 700 walijiandikisha. Walijitokeza kwa sababu hawakutukanwa mlangoni. Katika watu wa hali hii wako wenye wake na watoto. Mmoja akitibiwa, yuko mama aliyesalimika nyumbani bila kujua.

Linganisha na kwetu. Februari 2010, kwa uvumi wa harusi ya mashoga, umati Mtwapa ulivamia kituo cha KEMRI kilichokuwa kikitoa huduma za Ukimwi. Watu walipigwa. Waliobaki walijifunza kujificha, na wahenga walishatuonya kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Tofauti ni kwamba hapa kifo hakimuumbui peke yake.

Kisha Kwale, mwaka 2015, wanaume wawili walikamatwa na kupimwa miili kwa nguvu kutafutwa ushahidi. Machi 2018 Mahakama ya Rufaa, Mombasa, ilisema kitendo hicho ni kinyume cha sheria. Mwislamu hakuhitaji kusubiri majaji. Sura ya Al-Hujurat inakataza dhana mbaya na kupelelezana, na An-Nur inamwekea adhabu anayewasingizia watu uzinzi bila mashahidi wanne. Dini iliyofunga hivi mlango wa uvumi haiwezi kuwa kisingizio cha kuvunja milango ya watu.

Mheshimiwa Kaluma ana haki ya kupeleka mswada, nasi tuna haki ya kushikilia imani. Lakini kabla ya kuunga mkono kifungo au kifo, kila mmoja ajiulize nani atakwenda kupimwa siku sheria hiyo ikipita, na mke wa nani atalipa gharama.

Maimamu wetu wafundishe mipaka ya dini pamoja na haki ya mwili na heshima ya mtu. Na wewe mzazi, mwanao akija na jambo zito, msikilize kabla hujamfukuza. Ukimfukuza, wa kumpokea huko nje humjui.