Pampu Haifi Ghafla

NENO LA WIKI
Na Paskali Tluway

Mfugaji wa Kibarabaig hasubiri ng'ombe aanguke ndipo aseme anaumwa. Anaona masikio yamelala, anaona haendi na wenzake, anaona hacheui. Lakini mfugaji huyohuyo muulize habari za pampu ya kisima kijijini kwake, huku Getanuwas au kwingine kokote Hanang, atakupa jibu moja kati ya mawili: inatoa maji, au imekufa.

Hesabu za serikali nazo zinasema hivyohivyo. Miaka ya mwanzo ya muongo uliopita Wizara ya Maji ilipita nchi nzima kuorodhesha vituo vya maji vya vijijini. Katika sehemu ya takwimu hizo iliyowekwa hadharani kuna vituo 59,400. Vinavyofanya kazi ni 32,259, visivyofanya kazi ni 22,824, na vinavyofanya kazi huku vikihitaji matengenezo ni 4,317 tu. Mimi hiyo namba ya mwisho ndiyo inayonikera. Vyuma na mipira ya pampu huchakaa kidogokidogo, miezi na miezi. Wazima wawe wengi namna hiyo, waliokufa wawe wengi namna hiyo, na wagonjwa wawe wachache? Ninavyoona, wagonjwa walikuwepo, ila hakuna aliyewaandika.

Anayejua mapema ni yule anayeshika mpini alfajiri, na mara nyingi ni mama au binti mwenye dumu la lita 20. Zamani alipampu mara tatu, maji yakatoka. Siku hizi anapampu mara kumi, kumi na tano, ndipo yanaanza kutiririka. Akisema nyumbani, anajibiwa kwamba ni kiangazi, maji yameshuka. Huenda. Lakini kama maji yakishaanza yanatoka vizuri mpaka dumu linajaa, kisima hakina kosa. Valvu ya chini haishiki, au bomba linalopandisha maji linavuja kwenye maungio, na usiku kucha maji yote yaliyokuwa ndani ya bomba yamerudi kisimani.

Kulithibitisha hilo hakuhitaji mhandisi. Kwa pampu za mkono aina ya Afridev, ambazo zimeenea vijijini, mafundi wana vipimo viwili. Pampu mpaka maji yatoke, acha nusu saa bila mtu kugusa mpini, kisha anza tena ukihesabu: ikipita mipigo mitano bila maji, kuna mahali panavuja. Cha pili, maji yakishatoka mfululizo, weka ndoo, piga mipigo kamili 40 kwa dakika moja. Ikiwa hazifiki lita 10, mpira wa pistoni umelika au valvu imechoka. Mpini ukiwa mwepesi ghafla na hakuna hata tone, fimbo ya ndani imekatika au imeachia. Mpini ukicheza kushoto na kulia huku ukilia, bushi zimekwisha. Hizo ni za bei ndogo, lakini ukiziacha chuma kitasaga chuma, na hapo bei si ndogo tena.

Afridev yenyewe ilibuniwa kwa ajili ya hali hii. Ilikamilishwa miaka ya 1980 baada ya majaribio ya Malawi na ya Kwale, pwani ya Kenya, kwa nia kwamba wanakijiji wenyewe waifungue kwa vifaa vichache bila kungoja gari kutoka wilayani. Kule Kwale wanawake walifundishwa kuzitunza pampu zao. Miaka mingi baadaye, huko Kyuso katika kaunti ya Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga ndani ya mipini vifaa vidogo vinavyotuma kwa mtandao wa simu taarifa za matumizi ya pampu. Pampu ikinyamaza, fundi anajua. Matengenezo yaliyokuwa yakichukua siku 27 kwa wastani yakashuka hadi chini ya siku tatu. Kazi nzuri. Ila yule binti wa alfajiri ana taarifa kabla pampu haijanyamaza, na hadai bando.

Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, RUWASA ndiyo inayosimamia maji vijijini, na vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii, ambavyo wengi bado wanaviita kamati ya maji, ndivyo vinavyoendesha miradi. Navishauri hivi: daftari la mapato liwe na ukurasa wa mipigo, kila mwezi, na aandike anayepampu, asiandike mwenyekiti ambaye maji huyakuta mezani.

Wenye visima vya nyumbani vyenye mota nao wasijione wamepona. Tangi lililokuwa likijaa kwa saa mbili sasa linachukua nne, na uniti za Luku zinayeyuka ingawa familia haijaongezeka: pampu inazunguka bila kusukuma kitu cha maana. Maji yakitoka na mchanga, izime, kwa sababu mchanga unakula mapanga yake. Yakitoka vizuri dakika chache kisha yakaanza kutema hewa, ipumzishe saa kadhaa uwashe tena. Ikirudia vilevile, kisima ndicho kinachozidiwa, na pampu mpya yenye nguvu zaidi itaungua mapema kuliko hiyo ya zamani. Na isipowaka kabisa, fundi asianze kuvuta mabomba. Akague kwanza umeme unaofika, swichi ya boya kwenye tangi, na kapasita kwenye kiboksi cha ukutani. Kubadili kapasita ni kazi ya dakika chache. Kuitoa pampu kisimani ni siku nzima, na kunahitaji vijana wanne wenye kamba imara.