Programu Mpya, Foleni Ile Ile

Jamani, leo nina hasira, mnivumilie. Kampuni moja kubwa inayouza pembejeo (jina nalihifadhi) iliniita kwenye tawi lake hapa Nyeri niongeze kitu kimoja tu kwenye fomu ya mteja: namba ya kiwanda chake cha kahawa, ili akopeshwe mbolea. Kazi ya dakika ishirini. Wiki ya tatu hii sijaigusa! Meneja wa tawi anangoja mkuu wa kanda, mkuu wa kanda anangoja kamati Nairobi, na kamati hukutana mara moja kwa mwezi. Mvua je, nayo inangoja kamati? Wakulima wa Othaya wamepanga foleni na karatasi mkononi, chini ya bango linalosifu huduma za kidijitali.

Wakubwa hawa hupenda kututajia Equity. Haya, tuitaje vizuri basi. Ilianzishwa 1984 huko Kangema, Murang'a, kukopesha watu pesa za nyumba. Kufikia 1993 ilikuwa mufilisi. James Mwangi alijiunga nayo mwaka huo, na dawa ya kwanza haikuwa kompyuta. Walimgeukia mwenye akiba ndogo, yule benki kubwa zilimwona kero, wakafundisha wafanyakazi kumhudumia na kumkopesha kidogo kidogo. Kompyuta zilikuja 2000, kazi ikiwa imeshageuzwa. Leseni ya benki wakapata 2004, soko la hisa wakaingia 2006. M-Pesa ilipotokea 2007 na kuwachukulia wateja wale wale wadogo, hawakuishia kulalamika. Mwaka 2014 walipata leseni ya simu, wakaja na Equitel juu ya mitambo ya Airtel. Benki ikauza laini!

Wanaoiga wanaruka moja kwa moja hadi kwenye kompyuta. Yaliyotangulia hawayataki, maana yanagusa viti vyao.

Mtaniambia meneja akiachiwa ataiba. Wengine wataiba, kweli. Basi mwekeeni kikomo, mfumo uandike kila alichobadilisha na saa aliyobadilisha, mkaguzi apitie baadaye. Hiyo ndiyo kazi ya kompyuta, siyo kubeba maombi ya ruhusa hadi Nairobi.

Na Equity yenyewe isijisahau. Sasa iko hadi Kongo, na meneja wake wa Karatina naye ana bosi mwenye bosi.

Mimi bado niko hapa Nyeri. Kamati ikiamua, nahitaji dakika ishirini.